Ngwe ya Fito Kumi: Historia ya Vishamba vya Kukodi Uingereza

Ukisafiri kwa treni kutoka mji wowote wa Uingereza, kabla nyumba hazijaisha utaona kando ya reli vipande vya ardhi vilivyokatwa sawasawa kama mistari ya daftari. Kila kipande kina kibanda chake cha mbao, pipa la maji ya mvua, safu za kabichi, na maharagwe yaliyoparamia miti. Wengi wetu tumekua tukivipita bila kuuliza. Tulidhani ni bustani za wastaafu wanaotafuta la kufanya.

Muhula huu klabu yetu imekuwa ikijadili kama tukodi kipande kimoja, tupande mchicha na tupate mahali pa kuzungumza Kiswahili pasipo na ubao wala meza. Kabla ya kupiga kura, sisi tuliopewa kazi ya kuchunguza jambo hili tuliona tuanze na historia yake. Ardhi hii ni ya nani? Kwa nini kodi yake ni ndogo? Kwa nini watu wanangoja miaka kuipata? Majibu tuliyoyapata yametufundisha kwamba vishamba hivi ni masalio ya ugomvi wa ardhi wa zaidi ya miaka 300, na ugomvi wenyewe haujaisha.

Neno na kipimo

Tulianza na lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha. Jina la Kiingereza la vishamba hivi maana yake ni fungu ulilogawiwa. Kiswahili nacho kina neno lake, ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka tulipowauliza wazazi: ngwe. Ngwe ni kamba ya kupimia shamba, na pia ni kile kipande kilichopimwa kwa kamba hiyo ili mtu mmoja akilime. Kuanzia hapa tutatumia neno hilo.

Waingereza hawakupima kwa kamba bali kwa ufito. Ufito mmoja ni yadi 5 na nusu, yaani kama mita 5. Mpaka leo halmashauri nyingi, au kaunsili kama tunavyosema nyumbani, zinapangisha ngwe ya fito 10 za mraba, ambazo ni kama mita za mraba 250. Eneo hilo ni karibu sawa na uwanja mmoja wa tenisi. Inasemekana linatosha kuilisha mboga familia ya watu wanne. Siku hizi ngwe nyingi hukatwa nusu, kwa sababu wanaozitaka ni wengi kuliko ngwe zenyewe.

Ardhi iliyozungushiwa ua

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja. Mtu asiye na shamba lake aliweza kulisha ng'ombe mmoja hapo, kuokota kuni, au kuokota masazo baada ya mavuno. Hakuwa na hati, ila alikuwa na desturi, na desturi ilikuwa na nguvu.

Nguvu hiyo ilivunjwa kwa sheria. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za namna hiyo na kuzifanya mali ya watu binafsi. Jumla yake ni ekari milioni 6.8 hivi, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Nyingi zilipitishwa kati ya 1750 na 1850. Wenye ardhi kubwa walipata mashamba yenye tija zaidi. Wasio na ardhi walibaki na mikono yao tu, wakawa vibarua wa mashamba hayo au wakahamia viwandani.

Si kwamba watu walikubali kimya kimya. Mwezi Aprili 1649, miezi michache baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, Gerrard Winstanley na wenzake walipanda kilima cha St George's Hill katika jimbo la Surrey wakaanza kulima ardhi ya pamoja. Waliitwa Wachimbaji. Walipanda karoti na maharagwe, na walihubiri kwamba ardhi iliumbwa iwe hazina ya watu wote. Walipigwa, wakashtakiwa, mazao yao yakaharibiwa. Mwezi Agosti walikuwa wameshaondolewa hapo. Walihamia Cobham, karibu na hapo, na huko nako wakafukuzwa mwaka 1650. Leo St George's Hill ni mtaa wa matajiri wenye geti, uwanja wa gofu na uwanja wa tenisi.

Fungu la maskini

Ngwe za kukodi zenyewe zilianza kama dawa ya tatizo ambalo ua ulikuwa umelileta. Katika kijiji cha Great Somerford, Wiltshire, padri Stephen Demainbray aliwatetea wanakijiji ardhi yao ilipokuwa inazungushiwa ua, na mwaka 1809 sehemu ikatengwa wailime. Bustani hizo zinalimwa mpaka leo na huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kale kabisa nchini.

Mwaka 1830 vibarua wa kusini mwa England waliasi. Walichoma mazao na kuvunja mashine za kupuria nafaka. Baada ya hapo wenye mashamba na mapadri wengi waliona ni afadhali kumpa kibarua kipande kidogo kuliko kumwacha na njaa na kiberiti. Lakini kipande hicho kilikuja na masharti. Mahali pengi ilikatazwa kulima Jumapili, na aliyehukumiwa kwa kosa lolote alinyang'anywa. Wakulima wakubwa nao walitaka ngwe ziwe ndogo, wakihofu kwamba kibarua akiwa na eneo kubwa atamaliza nguvu zake huko na kuja kazini amechoka.

Sheria ya mwaka 1845 iliagiza kwamba ardhi ikizungushiwa ua, sehemu itengwe kwa ajili ya bustani za maskini. Katika miaka iliyofuata zilizungushiwa ua ekari zipatazo 615,000. Zilizotengwa kwa maskini zilikuwa 2,200 hivi. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Kilichobadilisha mambo ni kura. Mwaka 1884 vibarua wengi wa vijijini walipata haki ya kupiga kura kwa mara ya kwanza. Mbunge Jesse Collings aliidai ardhi kwa niaba yao, na kaulimbiu ya kampeni hiyo ikawa ekari tatu na ng'ombe. Mwezi Januari 1886 hoja yake kuhusu ngwe na mashamba madogo ilishinda bungeni, na serikali ya Lord Salisbury ikaanguka. Mwaka uliofuata, 1887, ikapita sheria ya kwanza iliyozitaka mamlaka za mitaa zitoe ngwe pale wananchi wanapozihitaji.

Eka tatu

Hapa ndipo wawili wetu, ambao wazee wao wametoka Unguja, walipoacha kusoma na kutazamana. Eka tatu ni neno wanalolijua tangu utotoni.

Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wengi wa walioachwa huru hawakupata ardhi. Walibaki kwenye mashamba ya mikarafuu. Mwenye shamba aliwaruhusu kujenga na kulima muhogo na mazao mengine ya chakula chini ya miti, na wao walimpalilia shamba lake. Muhogo ulikuwa wao, ardhi haikuwa yao. Miaka ya mwisho ya 1950, siasa zilipopamba moto, kufukuzwa kwa watu kwenye mashamba kukawa sehemu ya uhasama ulioligawa taifa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitaifisha ardhi, na kuanzia mwaka 1965 ikawagawia wananchi mashamba ya eka tatu tatu.

Hatusemi kwamba wa Unguja walimwiga Collings. Tunachosema ni kwamba mtu anayelima ardhi isiyo yake hufika kwenye dai lilelile, awe Wiltshire au Unguja. Pia si haki kuisimulia eka tatu kama hadithi ya furaha tupu. Katika klabu yetu kuna ambao babu zao walipewa eka tatu, na kuna ambao babu zao walinyang'anywa mashamba wakakimbilia Oman na baadaye huku. Tumeandika makala haya pamoja, na aya hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote.

Kuna ulinganisho mwingine uliotuuma. Wakati mkulima mdogo wa Kiingereza alipokuwa anapata haki ya ngwe yake, Kenya ilikuwa inaelekea upande wa pili. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 99, na ile ya 1915 ikaifanya miaka 999. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi aliruhusiwa kulima kipande chake kwa masharti ya kufanya kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Ngwe ilikuwepo huko pia, ila kodi yake ilikuwa nusu ya maisha ya mtu.

Sheria ya 1908 na baada yake

Sheria inayotawala mpaka leo England na Wales ni ya mwaka 1908. Inasema halmashauri ikiona kuna mahitaji ya ngwe katika eneo lake, lazima itoe za kutosha. Mwaka 1922 ikaelezwa ngwe ni nini: isizidi fito 40 za mraba, na ilimwe zaidi kwa mboga na matunda ya kuliwa na mpangaji na familia yake. Si shamba la biashara. Mwaka 1925 ikawekwa kinga: ardhi ambayo halmashauri iliinunua au kuitenga kwa ajili ya ngwe haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa matumizi bila idhini ya waziri. Mwaka 1950 ikaongezwa kwamba mpangaji anaweza kufuga kuku na sungura kwenye ngwe yake. Majogoo hayaruhusiwi, kwa sababu ambayo kila aliyewahi kulala karibu na jogoo anaijua.

Vita viwili vya dunia ndivyo vilivyoeneza ngwe mijini. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, na serikali ikaruhusu ardhi tupu ichukuliwe ilimwe. Vita vilipokwisha ngwe zilikuwa milioni 1.5 hivi. Mwaka 1939 ilianzishwa kampeni ya kuwahimiza raia wachimbe ili washinde. Viazi na kabichi vilipandwa Hyde Park, na hata handaki linalozunguka ngome ya Tower of London likawa bustani ya mboga. Ngwe zikafika tena milioni 1.4 hivi.

Vita vilikwisha lakini njaa ya mafuta ya kupikia haikwisha, na mgao wa chakula uliendelea hadi 1954. Hapo historia hii inarudi kwetu. Mwaka 1947 serikali ileile ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ukianzia Kongwa, kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mizizi ya vichaka ikavunja majembe ya matrekta, mvua ikakataa. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakilima na kufuga hapo waliijua mvua ya kwao, lakini mpango ulichorwa London. Ngwe za fito 10, zilizolimwa kwa jembe la mkono na watu walioujua udongo wao, zilitoa chakula. Ekari milioni 3 zilishindwa.

Mgeni mpe jembe

Baada ya mgao kwisha, Waingereza waliacha ngwe zao. Maduka yalijaa, watu wakanunua friji na magari. Kamati ya Profesa Harry Thorpe wa Chuo Kikuu cha Birmingham ilitoa ripoti mwaka 1969. Ilikuta maeneo mengi yamejaa magugu na mabati yenye kutu, ikapendekeza yageuzwe bustani za starehe na hata jina libadilishwe. Bunge halikutunga sheria kutokana na ripoti hiyo.

Lakini kwenye miji mingi walikuwa wamekwisha kuja watu wa kuzishika ngwe zilizoachwa. Wajamaika walipanda kalalu. Wapunjabi walipanda giligilani na uwatu. Wabangladeshi wa London Mashariki walijenga vichanja vya kutambaza mamumunye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuja Wahindi wa Kenya, na mwaka 1972 wale waliofukuzwa Uganda, wengi wao wakijua Kiswahili cha dukani na cha jikoni. Baadaye wakaja Wazanzibari zaidi, Wakongo, na Wabrava wanaosema Chimwiini, ambao wengi wao wamekaa kaskazini mwa London. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni hakupewa jembe. Alilinunua mwenyewe.

Kalalu ya Mjamaika na mchicha wetu ni mimea ya jamii moja. Mama wa mmoja wetu aligundua hilo kwa kuchungulia ngwe ya jirani yake wa Kijamaika, na tangu siku hiyo wanagawana mbegu. Mchicha huota vizuri Uingereza ukisubiri jalidi ipite, yaani ukipanda mwishoni mwa Mei au Juni. Majani ya maboga hustawi. Sukuma wiki haina shida kabisa, kwa sababu ni ndugu wa kabichi za huku. Mahindi hutegemea joto la mwaka huo. Muhogo haukubali, na kisamvu tutaendelea kukinunua kikiwa kimegandishwa.

Tena kuna maneno ambayo hayasemwi sebuleni. Kwenye ngwe ndipo baadhi yetu tulipojifunza kuatika, kupandikiza, tuta, palizi na mboji, na kujua kwamba koa si konokono. Kiswahili chetu cha nyumbani ni cha kula, kulala na kukaripiwa. Kazi huleta msamiati wake, na asiyefanya kazi hiyo haupati.

Leo

Leo inakadiriwa zimebaki ngwe kama 330,000, chini ya robo ya zile za wakati wa vita, na foleni imerudi. Uchunguzi wa Greenpeace wa mwaka 2023 ulikuta maombi zaidi ya 170,000 yanayongoja kwenye halmashauri. Scotland imechukua hatua. Sheria yake ya mwaka 2015 inazitaka halmashauri zijitahidi asiwepo mtu anayengoja zaidi ya miaka 5. England haina kikomo kama hicho, na halmashauri za katikati ya London hazibanwi na ule wajibu wa 1908.

Ile kinga ya 1925 nayo ina tundu. Haizihusu ardhi zinazopangishwa kwa muda tu, na hata kwa zile za kudumu waziri anaweza kutoa idhini. Mwaka 2007 bustani za Manor Garden huko mashariki mwa London, zilizolimwa tangu mwanzo wa karne ya 20, zilibomolewa kupisha Olimpiki ya 2012. Katika mji wa mwenzetu mmoja, wazee waliolima mahali pamoja kwa miaka mingi waliletewa barua kwamba eneo linahitajika kwa nyumba. Hapo ndipo walipojua kwamba ardhi yao iliandikwa kuwa ya muda.

Kwenye jambo hili sisi wenyewe hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema mboga haziwezi kuwekwa mbele ya nyumba, na familia yake imengoja nyumba ya halmashauri kwa miaka. Ana haki. Lakini tulipoitazama historia yote tuliona kwamba maskini huambiwa achague kati ya paa na bustani, na mwenye uwanja wa gofu haulizwi. Kinachofaa kuulizwa ni ardhi ya nani inatazamwa kwanza pale inapotafutwa ardhi ya kujenga.

Hivyo tunaleta mapendekezo mawili mbele ya wanachama na walimu wetu. La kwanza, tuandike jina la klabu kwenye foleni sasa, hata kama watakaovuna ni wanafunzi ambao bado wako sekondari. La pili ni jepesi zaidi. Sheria ya 1908 inasema wakazi 6 walioandikishwa kupiga kura wakiandika barua kwamba ngwe zinahitajika, halmashauri lazima iitafakari. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali wanaweza kujiandikisha, na humo wamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Wenzetu wa Kongo na Burundi ambao hawana uraia wa Uingereza hawamo, lakini kalamu wanayo, na rasimu ya barua tayari imeandikwa na mmoja wao.

Zinahitajika sahihi 6. Karatasi iko kwa katibu.